Nani Atangaze Kwamba Hatari Imepita?

Hakuna mtumishi wa serikali anayeingia ndani ya maisha ya mtu kumshinda Bwana Afya. Mkusanya ushuru huishia kwenye meza ya biashara. Polisi husimama mlangoni mpaka awe na hati ya upekuzi au sababu nzito. Bwana Afya hupita moja kwa moja hadi uani, akakagua choo, akauliza kama maji ya kunywa yamechemshwa, akachungulia sufuria ya mama ntilie. Na siku za ugonjwa anaweza kumwamuru mtoto asimguse mama yake, na kuwaambia wafiwa wasimwoshe maiti wao. Huku pwani, kuanzia Somanga hadi Lindi mjini, kumwosha maiti na kumkafini ni haki ya mwisho ambayo Mwislamu anawadai ndugu zake. Anayeweza kusema "msimguse" amekabidhiwa jambo zito kweli.

Tumemkabidhi tukijua tunachokiogopa. Mapema mwaka 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa akakuta kipindupindu kimeushika mji, maiti za maskini zikiburutwa mchangani hadi majini. Miaka kumi baadaye ugonjwa ulirudi pwani, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, akauandikia kitabu kizima, kikatoka 1876, akifuatilia jinsi ulivyosafiri na misafara ya bara na majahazi ya bahari. Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Nyasa na mwanzo wa safari ya majini. Kila kilichopita, pembe, mtumwa au maradhi, kilipita hapo. Hata serikali zetu za mitaa zina alama ya kipindupindu mwilini. Zilivunjwa kuanzia 1972, uchafu ukajaa mijini, kipindupindu kikazuka katika miaka iliyofuata, na hofu hiyo ikawa miongoni mwa sababu za kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978, kisha za wilaya kwa sheria za 1982. Halmashauri inayomtuma Bwana Afya leo ni mtoto wa sheria hizo.

Kwa hiyo kwamba awe na mamlaka, hilo halinisumbui. Ninayemwogopa ni mtu anayesema mlipuko ukija kila mmoja ajiamulie. Kinachonisumbua ni mwisho wa mamlaka yenyewe. Amri ya kufunga hutolewa kwa kipaza sauti, mtendaji akiwa mbele na mgambo nyuma. Amri ya kufungua mara nyingi haitolewi na mtu yeyote. Watu huanza kuuza tena kidogo kidogo, kwa woga, na atakayekamatwa wiki ya tatu hajui kama amevunja sheria au amewahi tu kuliko wenzake. Kati ya hatari kupita na amri kufa kuna kipindi kisicho na mwenyewe, na humo ndimo dhuluma nyingi za afya ya jamii zimetokea, hapa kwetu na kwingine.

Julai 2022, huko Mbekenyera wilayani Ruangwa, ndani ya mkoa wetu wa Lindi, watu walianza kufika zahanati wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu mkubwa na damu ikiwatoka puani. Tarehe 13 Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Aifello Sichalwe, alitangaza kwamba wagonjwa ni 13 na waliofariki ni 3, na kwamba vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonyesha kitu. Ugonjwa haukuwa na jina. Waliougua walitengwa, waliowakaribia wakafuatiliwa. Tarehe 18 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alikuwa Ruangwa akitangaza jina: homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa wamefika 20.

Jiweke katika nafasi ya afisa wa afya wa wilaya katika siku zile. Hajui ni nini. Anajua tu kwamba damu puani pamoja na homa inaweza kuwa moja ya maradhi yanayoua nusu ya wanaoyapata, na kwamba akikosea kwa upole anaweza kuzika kijiji. Alipotenga alitenda haki, ingawa baadaye ilidhihirika kwamba ugonjwa ulikuwa mwingine. Haki ya uamuzi wa dharura hupimwa kwa kile ambacho mtu angeweza kujua saa ile aliyoamua. Lakini kipimo hichohicho kinageuka upande wa pili. Bakteria wa homa ya mgunda hukaa katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na humfikia binadamu kupitia maji na udongo uliochafuliwa. Kuambukizana mtu na mtu ni nadra sana. Basi saa ile jina lilipotajwa, matibabu yaliendelea kuhitajika, elimu ya panya na maji ilihitajika kuliko jana, lakini sababu ya kumtenga mume na mkewe ilikuwa imekwisha. Haikupungua. Ilikwisha.

Nimelifikiria tukio la Mbekenyera mara nyingi, kwa sababu linaonyesha mamlaka ya dharura yametengenezwa kwa kitu gani. Ni mkopo, na kinachokopewa ni kutojua. Raia anamwambia afisa: hujui, nami sijui, na kungoja tujue kunaweza kutuua sote, basi chukua sehemu ya uhuru wangu, uitumie, hadi ujue. Afisa anayechukua uhuru huo anachukua pamoja nao wajibu wa kutafuta kujua, kwa haraka kadiri inavyowezekana, na wajibu wa kurudisha kadiri anavyojua. Asiyetafuta kujua hana haki ya kuendelea kushika alichopewa. Na aliyekwisha kujua akaendelea kushika, yule hakopi tena.

Sheria zetu, zikisomwa kwa makini, hazisemi mbali na hapo. Sheria ya Afya ya Umma, Namba 1 ya 2009, inazipa halmashauri na maafisa wake uwezo mpana: kukagua, kutoa notisi ya kuondoa kero, kudhibiti maradhi ya kuambukiza, kusimamia hata maziko ya waliokufa kwa maradhi hayo. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 30, inakubali kwamba haki za mtu zinaweza kupunguzwa na sheria kwa ajili ya mambo kadhaa, na afya ya jamii imetajwa humo kwa jina. Wapo viongozi wanaosoma hadi hapo wakafunga kitabu.

Mahakama ya Rufani haikukifunga. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete lililohusu kunyimwa dhamana, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa kwamba kutajwa kwa sababu nzuri kunatosha kuhalalisha kila kifungu kinachominya uhuru. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia ole Pumbun kutoka Arusha, lililohusu sharti la kuiomba Serikali ridhaa kabla ya kuishtaki, Mahakama ilisema wazi kwamba sheria inayopunguza haki lazima ipite milango miwili. Kwanza isiwe ya kumwachia mwenye cheo afanye apendavyo: iwe na kinga ndani yake dhidi ya maamuzi ya kiholela na udhibiti wa kweli juu ya wanaoitumia. Pili isichukue zaidi ya kile kinachohitajika kwa lengo lililotajwa. Mashauri yote mawili hayakuhusu ugonjwa. Hata hivyo sijui maneno yanayomfaa zaidi Bwana Afya aliyesimama katika soko la samaki la Kivinje na kipaza sauti mkononi.

Chukua amri tuliyoizoea sote, ya kuzuia chakula cha barabarani wakati wa kipindupindu. Lengo lake ni zuri, na maji machafu kweli huua. Lakini inaposema muuza supu ya pweza afunge na mkahawa wenye ukuta uendelee, ilhali wote wanachota kisima kimoja, amri imeacha kufuata kimelea na imeanza kufuata ukuta. Mwaka 1900 mji wa San Francisco, kwa hofu ya tauni, uliweka karantini kuzunguka mtaa wa Wachina, mstari ukipinda na kuziacha nje nyumba na maduka ya Wazungu yaliyokuwa papo hapo. Mahakama ya shirikisho iliifuta karantini ile, kwa kuwa bakteria hajui rangi ya mwenye nyumba. Kwetu hakuna aliyechora mstari wa rangi, ila mstari wa umaskini huchorwa kwa urahisi, tena na watu wema, kwa sababu maskini ndiye anayefanya kazi zake nje ambako kila mtu anamwona.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote uko hapa hapa mkoani, na inanishangaza kwamba hauzungumzwi. Ni Liwale.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu kubwa ya Liwale, wengi wao Wangindo, kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi mapya. Sababu iliyotajwa ilikuwa malale. Ugonjwa ulikuwepo, sitaki kuufanya uongo. Mbung'o walikuwepo, watu walikufa. Maafisa wa afya waliosema kwamba kaya zilizo peke yake msituni ni vigumu kuzipima na kuzitibu hawakuwa wakisema upuuzi. Lakini pembeni ya meza ya daktari palikuwa na watu wengine. Palikuwa na watawala walioona kwamba watu waliokusanywa ni rahisi kuwatoza kodi. Na palikuwa na idara ya wanyamapori, pamoja na bwana nyama wake mashuhuri, C. J. P. Ionides, ambaye kwa miaka mingi alitaka pori la akiba la Selous lipanuliwe na tembo wapate nchi isiyo na wakulima. Malale yalifungua mlango, na wote hao wakapita mlango huo huo.

Kilichofuata ndicho kiini cha ninalosema. Nchi iliyoachwa iliingizwa katika Selous. Dawa za malale ziliboreka, ugonjwa ukapungua, waliohamishwa wakazeeka. Mashamba ya zamani hayakurudishwa. Selous iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, na sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Dunia huiona kama pori ambalo halijawahi kuguswa na binadamu. Makaburi yamo humo.

Na kuna jambo la kutisha zaidi, ambalo wanahistoria na wataalamu wa mbung'o wamelieleza kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, John Ford na Helge Kjekshus wakiwa miongoni mwao katika vitabu vya miaka ya 1970. Mkulima anayefyeka, kuchoma majani na kulima ndiye anayemnyima mbung'o kivuli. Ukimwondoa mkulima, kichaka hurudi. Kichaka kikirudi, mbung'o huongezeka. Mbung'o wakiongezeka, mahali pale panakuwa hatari kwa kuishi. Amri ya kuhama ilizalisha sababu yake yenyewe. Mwaka hadi mwaka afisa angeweza kusimama ukingoni mwa msitu akasema kwa moyo safi: tazameni mbung'o walivyo wengi, hawawezi kurudi. Angekuwa anasema kweli. Ukweli huo ulikuwa umetengenezwa na amri.

Sisemi kwamba waliohamisha Liwale walikuwa na nia mbaya tangu asubuhi ya kwanza. Huenda baadhi yao walilala usingizi wa watu waliookoa maisha. Ninachosema ni kwamba amri ya afya isiyo na mwisho ulioandikwa ni mlango usio na komeo: anayeufungua kwa nia njema hawezi kuchagua nani atapita baada yake. Wasimamizi hubadilika, ugonjwa huondoka, karatasi hubaki ofisini. Kisha miaka ya 1970 wakaja maofisa wengine na Operesheni Vijiji, na miongoni mwa ahadi walizobeba zilikuwa maji safi na zahanati. Mzee aliyehamishwa akiwa kijana kwa ajili ya mbung'o, akahamishwa tena akiwa mtu mzima kwa ajili ya bomba, anapomwona afisa wa tatu akija na habari ya afya, tusimwite mjinga akisita.

Amri inaweza kuandikiwa mwisho na bado ikavuka mpaka kwa mahali inapotekelezwa. Nchini Kenya, mwezi Agosti 2010, wagonjwa wa kifua kikuu walikamatwa kwa maombi ya ofisi ya afya ya umma kwa sababu walikuwa wameacha kumeza dawa. Hakimu wa Kapsabet aliamuru wawekwe kizuizini kwa miezi minane, na mahali palipopatikana palikuwa gereza la Kapsabet. Hesabu ya miezi ilikuwa ya kitabibu. Mahali palikuwa pa kihalifu. Walikaa siku 46, katika msongamano ambao ungeweza kuwaambukiza wafungwa wengine ugonjwa uleule uliowapeleka, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru watolewe. Jaji Mumbi Ngugi alipotoa hukumu tarehe 24 Machi 2016 hakusema mgonjwa wa kifua kikuu ana haki ya kuambukiza watu. Alikubali kwamba sheria inaweza kumtenga. Alisema gereza si mahali pa tiba, na akaitaka serikali iweke sera ya kuwatenga watu kama hao kwa namna inayoheshimu utu wao.

Tazama imechukua muda gani. Kosa lilifanyika 2010, hukumu ikaja 2016. Kwetu hali si tofauti. Mkazi wa Kilwa Masoko anayeona amri ya afya imevuka mpaka, na anayetaka kudai haki zake za kikatiba, ataelekea Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Mlipuko wa kipindupindu unaweza kuanza na kwisha kabla faili lake halijapangiwa jaji. Ndiyo maana siamini kwamba mahakama peke yake ndiyo mpaka wa Bwana Afya. Mahakama inatufundisha mpaka uko wapi, na hilo ni kubwa, lakini mpaka unaofaa kwa ugonjwa wa siku saba lazima uandikwe kwenye amri yenyewe, siku ileile inapotolewa.

Najua jibu la watu wa afya, na ninaliheshimu. Kipindupindu humkausha mtu mzima akafa kwa saa chache. Ukianza kumdai afisa maelezo, tarehe na sahihi, unamchelewesha, na kila saa ina jeneza. Wengi wao wanafanya kazi bila gari, kwa pikipiki yenye mafuta ya kuomba, katika kata ambazo masika huzigeuza visiwa. Lakini sioni kwamba karatasi ndiyo inayowachelewesha. Kinachowachelewesha zaidi ni watu kuwaficha wagonjwa. Mama anayeamini mwanawe atachukuliwa asijue hadi lini, na asijue atamwona vipi, atamlaza chumba cha ndani na kumpa maji ya mchele kimyakimya. Anayeambiwa "siku tano, hapa zahanati, utamwona kupitia dirisha hili, na daktari wa zamu ni yule" atamleta mwenyewe. Mpaka ulioandikwa ni sehemu ya dawa.

Hata mapokeo tunayosoma misikitini yanaliunga mkono hili, na masheikh wetu wanalijua vyema. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, yapata mwaka 639, alipata habari kule Sargh kwamba tauni imezuka mbele yake. Alikuwa mtu mwenye mamlaka kuliko wote katika dola ile. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawasikiliza, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake, akamuuliza mbele ya watu kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar hakumwadhibu kwa kuuliza. Alimjibu kwa hoja na kwa mfano wa mchungaji na malisho. Mwisho wa yote akafika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwepo wakati wa mashauri, akaleta elimu aliyoisikia kwa Mtume kuhusu kuingia na kutoka katika nchi yenye tauni, na jambo likatulia. Ninapolisoma tukio hili naona amri ya karantini iliyopitia mashauriano, ikahojiwa hadharani, ikatolewa sababu, na ikathibitishwa na elimu ilipofika.

Elimu ikizuiwa, hata mwisho wa hatari unakosa mtu wa kuutangaza. Mwaka 2020 tuliliona hilo kwa upande mwingine. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Mwanzoni mwa Mei takwimu zilisimama, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi, na mwezi Juni nchi ikatangazwa kuwa imeshaushinda ugonjwa. Wengi wetu tulipumua. Lakini hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuonyesha kwamba ni kweli, na Bwana Afya wa Kilwa aliyeona wagonjwa wa kifua wakiongezeka hakuwa na la kusema wala pa kulisema. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwaka 2021, takwimu zikarudi, na chanjo ikazinduliwa Julai mwaka huo. Kutangaza mwisho bila kujua ni kosa la aina moja na kukataa kutangaza mwisho baada ya kujua. Katika yote mawili mamlaka yameachana na elimu iliyoyahalalisha.

Na tusisahau kwamba Bwana Afya mwenyewe ni mtu aliye chini ya watu. Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya 1997, inampa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, pale anapoona amani au usalama umo hatarini, na inamtaka aandike sababu. Madaktari na wauguzi wa nchi hii wamewahi kuwekwa ndani kwa amri za namna hiyo, dawa zilipokosekana au mgonjwa alipolalamika, na Chama cha Madaktari Tanzania kimelipigia kelele jambo hilo hadharani. Kifungu kilichotungwa kwa ajili ya fujo kinapotumiwa kwa muuguzi aliyeishiwa dawa, kimetoka kwenye sababu yake kama malale ya Liwale yalivyotoka kwenye yake. Afisa wa afya anayeona mipaka ya kisheria kuwa ni kikwazo afikiri siku ambayo bosi wake naye ataiona hivyo. Mpaka unaomlinda muuza pweza ndio huohuo utakaomlinda yeye atakapoandika katika ripoti idadi ya vifo ambayo hakuna mkubwa anayetaka kuisoma.

Dharura ya kitaifa ina mwisho wake kwa mujibu wa Katiba. Rais akitangaza hali ya hatari chini ya Ibara ya 32, tangazo linapelekwa bungeni ndani ya siku 14, linahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge, na lina muda wake wa kuisha. Kwa mtu mmoja aliye juu kuliko wote tumeweka siku, idadi na kikomo. Kwa kipaza sauti cha kijijini, ambacho ndicho mtu wa Nanjilinji au Songo Songo atakutana nacho maishani mwake, mara nyingi hatukuweka kitu.

Madiwani wa Kilwa, na wenzenu wa Lindi, Mtama, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mnao uwezo wa kulirekebisha hili bila kungoja Dodoma iwaanzie. Sheria ndogo hutungwa na nyinyi na kuidhinishwa na waziri. Wekeni humo kifungu kimoja: kila amri ya dharura ya afya iandikwe, itaje ugonjwa au mashaka yaliyoisababisha, itaje jina na cheo cha aliyeitoa, na iwe na tarehe ya kufa, siku zisizozidi 14, isipokuwa ikitolewa upya kwa sababu mpya mbele ya watu. Ibandikwe msikitini, sokoni na zahanati. Ikifa, itangazwe imekufa, kwa kipaza sauti kilekile kilichoizaa.

Nawe msomaji, siku Bwana Afya atakapobisha hodi wakati wa ugonjwa, mfungulie, mwonyeshe choo, mpe kiti. Kisha umuulize ni hadi lini, na usione haya kumuuliza.